Jina Limeandikwa kwa Nani? Somo la Kuchagua Kikoa cha Tovuti ya Jumuiya



Ndugu zangu wasomaji, nimeombwa niandike somo la namna ya kuchagua jina la tovuti, yaani kikoa, au domeini kama wengi tunavyosema. Jumuiya nyingi za wanafunzi zinataka kufungua tovuti zao, na maswali yanayoletwa ni yale yale: tuchukue .com au .ug? Jina liwe la Kiarabu, la Kiswahili au la Kiingereza? Ni maswali mazuri na nitayafikia. Lakini naanza na swali ambalo hakuna aliyeniletea, kwa sababu sisi wenyewe hatukujiuliza mapema, na likatuaibisha.

Sisi wanafunzi tunaotoka Mukuju tumetawanyika. Wengine wako IUIU Mbale, wengine Busitema, wengine Makerere, na wachache wamevuka mpaka wa Malaba au Busia kwenda kusoma Kenya. Likizoni tunakutana nyumbani, pale kwenye barabara ya kutoka Tororo kwenda Mbale. Miaka kadhaa iliyopita tulifungua tovuti ndogo. Iliwekwa ratiba ya swala na futari za Ramadhani, darsa fupi fupi, mitihani ya zamani kwa wadogo zetu wa sekondari, na matangazo ya misiba ili aliye mbali ajue nyumbani kumetokea nini. Ndugu mmoja aliyekuwa hodari wa kompyuta alituchukulia jina. Alilipa kwa kadi yake, akajiandikisha yeye kuwa mwenye jina, na mahali pa barua pepe akaweka ile aliyopewa na chuo chake. Sisi wengine tulimshukuru, tukamwombea dua, tukaendelea na mambo yetu.

Ndugu yule akahitimu. Barua pepe ya chuo ikafungwa, kama inavyofungwa kwa kila anayehitimu. Maonyo ya kulipia mwaka mwingine yakawa yanakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kazi mbali, amebadilisha laini ya simu, na simlaumu. Nani kati yetu alikuwa amemkumbusha?

Ramadhani iliyofuata, baada ya Alasiri, mzee mmoja aliyekaa barazani msikitini alimpa kijana simu yake amfungulie ratiba ya futari. Kilichofunguka ni tangazo la kamari ya mpira, na chini yake picha ambazo sitazieleza hapa. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao. Mzee hakusema neno. Aliichukua simu, akaiweka mfuko wa kanzu, akauliza saa ngapi jua linazama.

Basi somo letu linaanzia hapo: jina lililokuwa letu lilitutoka namna gani?

Tuelewe kwanza jina hili ni kitu gani. Kompyuta zinazounda intaneti hutambuana kwa namba. Zamani, mashine zilipokuwa chache, majina na namba zake viliwekwa kwenye faili moja huko California, na kila kituo kikawa kinanakili faili hiyo. Mashine zilipoongezeka faili ikaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo tunaoutumia hadi leo: badala ya daftari moja kuna madaftari mengi, kila daftari likishika sehemu yake. Tangu 1998 shirika la ICANN ndilo linaloratibu mfumo huo kwa juu. Chini yake, kila mwishilio una mtunza daftari wake. Majina ya .com yako kwa kampuni ya Verisign, ya .ke yako kwa KENIC jijini Nairobi, na .ug nayo ina daftari lake Kampala. Wewe mwanafunzi kwa kawaida huendi moja kwa moja kwa mtunza daftari. Unapitia kwa msajili, ambaye ni kama wakala. Anachukua fedha yako, anapeleka jina lako likaandikwe.

Na daftari huandika mambo machache tu: jina lenyewe, nani mwenyewe, anapatikana kwa barua pepe ipi, na muda unaisha lini. Watu husema wamenunua domeini, lakini kwa kweli wameikodi, kama mtu anavyokodi kipande cha shamba apande karanga msimu huu na ujao. Kwa .com na .org unaweza kukodi mwaka mmoja hadi 10 kwa mkupuo. Hakuna anayeuziwa moja kwa moja, hata kampuni kubwa za Marekani.

Muda ukiisha bila malipo, jina haliondoki siku hiyo hiyo. Kwa .com na .org utaratibu ni huu: msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, na katika siku hizo kwa kawaida unalipa bei ile ile ukarudishiwa. Akilifuta, kuna siku nyingine 30 ambazo bado unaweza kulikomboa, lakini kwa faini ambayo huwa mara nyingi ya bei ya kawaida. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna awezaye kufanya lolote. Baada ya hapo jina liko sokoni, na anayewahi ndiye anayechukua. Mwishilio wa nchi una kanuni zake, tofauti kidogo na hizi, kwa hiyo muulizeni msajili wenu kabla ya kulipa.

Wako madalali wa majina ambao programu zao husubiri dakika ile ile jina linapoachiwa. Mtu anaweza kuuliza, dalali wa mbali ana haja gani na jina la vijana wa Mukuju? Hana haja na sisi. Ana haja na viungo. Tovuti iliyokaa miaka kadhaa imeunganishwa na tovuti nyingine, watu wamezoea kuifungua, mitambo ya kutafuta kama Google inaifahamu. Mwenye kamari anachukua njia iliyokwisha kulimwa na watu wengine. Ile heshima ndogo tuliyoijenga kwa ratiba za futari ndiyo iliyomvutia.

Sasa, msidhani haya huwapata wanafunzi wa vijijini peke yao. Wengi wenu mnaikumbuka IslamOnline, au mmewasikia kaka zenu wakiitaja. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka Qatar, chini ya jumuiya ya Al-Balagh ya Doha, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa kinara wake. Kwa miaka zaidi ya kumi ilikuwa miongoni mwa tovuti za Kiislamu zilizosomwa sana duniani, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Fatwa, ushauri wa ndoa, habari, makala za sayansi: mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeandika swali la dini kwenye mashine ya kutafuta wakati ule alikuwa hachelewi kufikishwa pale.

Wenye jina walikuwa Doha, lakini waandishi walikuwa Misri. Mamia ya wahariri, wataalamu na mafundi walifanya kazi katika ofisi za mji wa 6 Oktoba, nje ya Cairo, na wao ndio waliokuwa wakiijaza tovuti kila siku. Machi 2010 ukazuka mgogoro kati ya pande hizo mbili juu ya nani aamue kinachoandikwa. Wafanyakazi wa Cairo wakagoma, wakakaa ofisini usiku na mchana, wakirusha picha za mgomo wao mtandaoni. Upande wa Doha ukabadilisha nywila. Kuanzia hapo waandishi waliokuwa wameijenga tovuti kwa miaka hawakuweza tena kuweka hata mstari mmoja.

Tazameni vizuri kilichotokea. Elimu ilikuwa vichwani mwa watu wa Cairo. Wasomaji walikuwa wamewazoea wao. Lakini jina lilikuwa limeandikwa Doha, na jina likabaki Doha. Baadaye mwaka ule ule waandishi waliotoka walifungua tovuti mpya wakaiita OnIslam, wakaanza kutafuta wasomaji upya kutoka sifuri. Sisemi nani alikuwa na haki. Waliokuwa nje ya mgogoro ule hatuwezi kuwahukumu watu wa pande zote mbili, na wote walikuwa watu wa kheri. Ninachosema ni kwamba hawakuwa na maandishi ya kuwaongoza siku walipotofautiana, au kama walikuwa nayo hayakutosha, na msomaji wa kawaida wa Mbale au Mombasa aliamka siku moja akakuta viungo alivyohifadhi haviendi popote.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandika: deni liandikwe, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Huwa tunaisoma kama aya ya wafanyabiashara. Sisi vijana wa jumuiya, kwa kuwa tunaitana ndugu, tunaona haya kuandikishana. Tunadhani kuandika ni kushukiana. Lakini aya ile iliteremka kwa watu waliokuwa ndugu kuliko sisi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua jina, kaeni mwandike karatasi moja. Mwenye jina awe jumuiya, si mtu. Wasajili wengi wana nafasi ya kuandika jina la taasisi kwenye fomu. Itumieni, na jina la mtu liwe la mwakilishi tu. Barua pepe isiwe ya chuo wala ya mtu binafsi. Fungueni moja ya jumuiya, ambayo nywila yake inakabidhiwa kwa uongozi mpya siku ile ile mnapokabidhi daftari la fedha na muhuri. Na angalieni, barua pepe hiyo isiwe chini ya kikoa hicho hicho mnachosajili, maana kikoa kikilala nayo inalala, na maonyo hayawafikii. Namba ya simu ya kuthibitisha iwe ya mtu anayebaki nyumbani. Sisi safari hii tumeweka ya mwalimu wa madrasa, ambaye hahitimu wala hahami. Tumezungumza pia tulipie miaka mitano kwa pamoja badala ya mmoja mmoja, kwa sababu uongozi wetu hubadilika kila mwaka na kila mabadiliko ni nafasi ya kusahau.

Kuna aliyesema katika kikao chetu: haya yote ya nini, kwani Facebook si ya bure? Nilimjibu kwa jambo ambalo sote tuliliona. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa Uganda, na haikufunguliwa uchaguzi ulipokwisha; miaka ikapita bado imefungwa. Pale Malaba mwenye laini ya Kenya aliendelea kuifungua kama kawaida, na aliye upande wetu akatafuta njia za kuzunguka au akaacha. Jumuiya zilizokuwa na matangazo yao yote kule zilipoteza wasomaji wa upande mmoja wa mto na kubaki na wa upande mwingine. Ukurasa wa Facebook ni chumba katika nyumba ya mtu. Kikoa nacho ni cha kukodi, nimeshasema, lakini ukigombana na anayekuhifadhia tovuti unahamisha mizigo kwenda seva nyingine na anwani inabaki ile ile. Msomaji hajui hata kama mmehama.

Haya, tuje kwenye jina lenyewe.

Sheria za kiufundi ni chache. Jina la kawaida linachukua herufi a hadi z, tarakimu, na kistari, na haliwezi kuanza wala kuishia kwa kistari. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Mwisho ni herufi 63, na yeyote anayezikaribia hizo 63 hawapendi wasomaji wake. Alama ya mkato wa juu, ile tunayoiweka katika neno Qur'ani, haikubaliki. Tangu 2010 kuna pia mwishilio ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, wa Misri, Saudia na Imarati ukiwa wa mwanzo. Ni jambo la fahari, ila kwa simu za kwetu ambazo wengi hawajaweka herufi za Kiarabu, hautatufaa.

Kipimo tulichokitumia sisi ni tangazo la Ijumaa. Fikiria katibu anasimama baada ya swala, watu wanavaa viatu, watoto wanapiga kelele, naye anataja jina la tovuti mara moja. Mtu aliyeko ukumbini nyuma akifika nyumbani ataliandika sawasawa? Kama inabidi katibu aongeze "kwa h mbili" au "kwa kistari katikati", jina limeshindwa.

Hapo ndipo majina ya Kiarabu yanapotusumbua. Kila mmoja anapenda Nuru, lakini mwenye kuzoea vitabu vya Kiingereza anaandika Noor, mwingine Nur, mwingine Nuur, na ndugu yetu aliyekulia kwenye Kiganda, ambako l na r hubadilishana nafasi, anaweza kuandika Nulu bila kujiona amekosea. Umma au Ummah? Hidaya au Hidayah? Salam au Salaam? Ukichukua mojawapo, ukubali kwamba sehemu ya wasomaji wako watafika kwa jirani mwenye tahajia nyingine. Na mtu aliyependekeza neno la daawa, kwa maana ya kulingania, tulimwambia aliandike ubaoni. Akaandika dawa. Tungepata wagonjwa wengi kuliko wanafunzi.

Neno la Kiswahili lina heri hii, kwamba huandikwa kama linavyosikika. Tena kwetu mpakani ni lugha inayovuka. Mukuju utasikia Kiteso, Kidhopadhola, Kiganda. Ng'ambo ya pili utasikia Kiteso tena na Kiluhya. Kiswahili kinawakuta wote, na Uganda yenyewe imekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo tukakubaliana haraka kwamba jina liwe la Kiswahili, liwe na Mukuju ndani yake.

Tukadhani kazi imekwisha. Ndugu mmoja akapendekeza "elimu" na "Mukuju" viungwe pamoja. Linapendeza mdomoni. Liandike sasa bila nafasi katikati, kama kikoa kinavyotaka: elimumukuju. Ile "mu" ya mwisho wa neno la kwanza imegongana na "mu" ya mwanzo wa neno la pili. Tuliwaomba watu sita walioko kikaoni waandike kwa kusikia, na wengine wakaandika elimukuju, wameila mu moja bila kujua. Tukajaribu salamu: salamumukuju. Tukajaribu Waislamu: yale yale. Yaani kila neno zuri tulilokuwa nalo linaishia kwa mu! Ukiongeza kwamba wapo wanaoandika jina la kijiji chetu kwa j mbili, utaona kwa nini kikao kilichoanza baada ya Magharibi kilikuwa bado kinaendelea watu walipoitwa Isha. Huu ndio ushauri wangu wa pekee ambao hamtaupata katika kitabu cha kompyuta: maneno mkisha kuyachagua, yaandikeni yameshikana, kisha mpeni mtu asiyehusika ayasome na mwingine ayaandike kwa kusikia.

Ufupi nao una bei yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kinatumia iuiu.ac.ug, na Makerere wanatumia mak.ac.ug. Hakuna ambaye angeandika majina yale kamili kwenye simu. Lakini vyuo hivyo vilikuwa vimejulikana kabla ya kufupishwa. Jumuiya changa ikijifupisha kwa herufi nne za mwanzo, hakuna anayejua ni nini, na mara nyingi herufi hizo zimekwisha kuchukuliwa na kampuni ya mbali.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuchukua jina pana kuliko wewe. Mtu anafungua tovuti ya watu kumi na wawili, anaiita Waislamu wa Uganda, au Uislamu Afrika Mashariki. Ulimwengu ulishafanya mjadala huu kwa ukubwa wake. Mwaka 2012, ICANN ilipofungua milango ya miishilio mipya, kampuni moja ya Uturuki iitwayo Asia Green IT System iliomba ipewe .islam na .halal. Imarati ikapinga, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ikapinga. Hoja ikiwa kwamba jina la dini ya watu wote haliwezi kuwekwa mkononi mwa kampuni moja bila wenyewe kukubaliana. Shauri likaenda kwenye usuluhishi, likarudi, na mwaka 2018 bodi ya ICANN ikaamua kutoendelea na maombi yale. Hata sasa hakuna .islam. Kampuni ile ilijitetea kwamba nia yake ni njema, na inawezekana ilikuwa hivyo. Lakini kama jambo lile liliwashinda mawaziri wa nchi kadhaa, sisi wa Mukuju tuseme kwa niaba ya Waislamu wa Tororo nzima kwa idhini ya nani? Jina letu litaje kijiji chetu na kazi yetu, basi. Msikiti jirani ukitaka kujiunga kesho tutaongea nao.

Na msichukue jina linalofanana na la tovuti nyingine inayojulikana kwa kubadilisha herufi moja ili mpate wasomaji wake. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu wa kumnyang'anya jina aliyelisajili kwa nia mbaya dhidi ya mwenye alama ya biashara. Hata pasingekuwa na utaratibu huo, kumghushi msomaji anayetafuta elimu ni mwanzo mbaya wa darsa.

Mwishilio nimeuacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu watu huupa uzito mno. .or.ug na .or.ke ni za mashirika yasiyotafuta faida, .co.ug na .co.ke za biashara, .ac zimehifadhiwa kwa vyuo. .africa ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2017 baada ya kesi ya miaka kati ya waombaji wawili. .org haina nchi, na hilo linamfaa mtu wa mpakani kama sisi, ambaye nusu ya wasomaji wake wako Kenya. Nayo haikukosa misukosuko: mwaka 2019 wasimamizi wake walitangaza kuiuza kwa kampuni ya uwekezaji kwa zaidi ya dola bilioni 1, mashirika ya hisani duniani yakapiga kelele kwamba bei zitapanda, na Aprili 2020 ICANN ikazuia mauzo hayo.

Jambo moja la mwishilio ni zito kweli, nalo ni sheria. Waendeshaji wa JamiiForums ya Tanzania, ambayo ilianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, walifikishwa mahakamani Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka ni kuendesha tovuti kwa kikoa ambacho hakikusajiliwa chini ya .tz. Kesi zile zilichukua miaka. Hapa kwetu, Machi 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwataka wanaochapisha habari mtandaoni wajiandikishe kwake. Sikutishi, tovuti ya darsa na ratiba za futari haifanani na ile. Ila kabla ya kuanza kuweka habari za siasa za wilaya, mwulizeni ndugu anayesoma sheria.

Kwa sababu hiyo hiyo msivutwe na michezo ya herufi. Nimewaona vijana wakigundua kwamba .mu ni mwishilio wa Mauritius, wakataka eli.mu; .ni ni wa Nicaragua, wakataka ima.ni; .ma ni wa Morocco, wakaota sala.ma. Werevu mtupu. Lakini kila herufi mbili za mwisho ni za nchi, na nchi ina kanuni zake, ada zake na mahakama zake. Mwaka 2010 Libya ililifuta jina moja la kufupisha viungo lililoishia kwa .ly kwa kusema linakwenda kinyume na sheria zao, na mwenyewe alikuwa Marekani. Siku jambo kama hilo likitupata na Nicaragua, nani kati yetu atakwenda?

Usiku wa leo, kabla hujalala, fungua ukurasa wa ICANN wa kutafuta usajili, lookup.icann.org, uandike kikoa cha jumuiya yenu kama ni .com au .org. Jina la mwenyewe huenda likafichwa, maana siku hizi wasajili wengi huficha taarifa za watu, lakini tarehe ya kuisha itaonekana. Iandike kwenye daftari la katibu. Kisha mtafute aliyesajili, mwulize ametumia barua pepe ipi na ameandika mwenyewe ni nani. Kama amehitimu, mtafute haraka zaidi. Kikoa kikishasajiliwa kwa jina lake, yeye peke yake ndiye anayeweza kukihamisha kwa amani akiwa hai na anapatikana, na watu husafiri, na watu hufa.

Jina ambalo sisi tumelichagua sitalitaja hapa. Halina mu mbili, mwalimu wa madrasa aliliandika sawasawa mara ya kwanza, na lilikuwa bado wazi nilipoangalia jana. Lakini mchango haujatimia, na gazeti hili linasomwa na watu wengi.